Nafasi Ipo, Ila Haijakaa Pamoja

Kuna kukosa kwa aina mbili. Kuna kukosa kwa kweli: sufuria tupu, mfuko mtupu, simu iko na asilimia moja ya chaji na stima zimepotea. Halafu kuna kukosa kwa mtu ambaye anacho, tena cha kutosha, ila kimekaa vipande vipande na hakuna kipande hata kimoja kinachofaa kazi anayoitaka. Hebu panda matatu ya Ukunda kwenda Likoni saa moja asubuhi ukiwa na watoto watatu. Makanga atakwambia, "Ingia mama, viti viko vinne." Na kweli viko vinne: kimoja mbele kwa dereva, kimoja katikati, viwili nyuma lakini mbali mbali. Hesabu ni sahihi. Lakini mtoto wa miaka miwili hawezi kuketi peke yake nyuma, pembeni mwa mtu mzima aliyelala.

Wataalamu wa kompyuta wana jina la hali hiyo ya pili. Mimi kwa Kiswahili naiita mmegeko. Imenishughulisha kwa miezi kadhaa sasa, kwa sababu mbili ambazo mwanzoni sikuona zinahusiana: keneli ya Linux na shamba la babu.

Nianze na keneli. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Chuoni nilikuwa nasomea kompyuta, na nilipofika mwaka wa tatu ada ikanishinda, nikarudi Ukunda. Ninachokula sasa kinatoka kwenye kuandika: makala za hapa na pale, maelezo ya nyumba za kupangisha wageni Diani, na mara moja moja maandishi ya kiufundi kwa wateja wa mbali ambao hawaulizi kama nilivaa joho la mahafali. Mteja mmoja alitaka nimweleze kwa lugha nyepesi jinsi keneli inavyopambana na mmegeko wa kumbukumbu. Keneli ni kiini cha mfumo endeshi, ile programu inayozigawia programu nyingine zote kumbukumbu, zamu za prosesa na vifaa. Kama una simu ya Android, hata ile ya bei ya chini kabisa pale stendi ya Ukunda, unatembea na keneli ya Linux mfukoni.

Keneli huikata kumbukumbu yote kuwa vipande vidogo vinavyoitwa kurasa. Kwenye kompyuta nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Laptopu yangu ina gigabaiti 4, kwa hiyo ni kurasa 1,048,576. Anayehitaji ukurasa mmoja hana shida, popote patamfaa. Shida ni kwa anayehitaji kurasa nyingi zilizopakana, bila mtu katikati. Hapo unaweza kukuta keneli ina maelfu ya kurasa tupu na bado inaandika kwenye daftari lake la matukio kwamba imeshindwa: ombi la kiwango cha 4, yaani kurasa 16 mfululizo, halikuwezekana. Nafasi tele. Pamoja, hakuna.

Nilikuwa katikati ya kusoma hayo ami yangu mkubwa aliponipigia simu. Kesho tukutane mudzini, akasema, kuna neno la shamba. Baba yangu anafanya kazi Mombasa, akanituma nimwakilishe.

Babu aliacha ekari 5 na nusu, upande wa bara wa barabara ya Lunga Lunga, ukishapita Msambweni. Aliacha pia watoto saba, wa kiume wanne na wa kike watatu. Bibi alikuwa ametangulia. Kwa mirathi ya Kiislamu, ambapo mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja, hayo ni mafungu 11: ekari moja kwa kila ndugu wa kiume, nusu ekari kwa kila dada. Hesabu imetoka safi kiasi cha kumshuku babu kwamba aliipanga.

Hati bado ina jina lake, lakini juu ya ardhi watu walishaanza kuishi. Ami wa pili alijenga karibu na barabara. Shangazi mdogo alijenga katikati kabisa, hatua chache kutoka kaburi la bibi. Makaburi mengine yako pembeni upande wa kusini. Minazi imesambaa, miembe imesambaa, mikorosho ilipandwa popote aliyepanda alipoona panafaa. Zizi la mbuzi hapa, banda la kuku pale, rundo la matofali ya binamu yangu ambaye amekuwa "karibu kujenga" tangu niko darasa la saba. Ukitoa vyote hivyo unabaki na kama ekari 4 za mihogo, kunde, mahindi ya msimu na magugu.

Neno la shamba lilikuwa hili. Mtu anayekusanya pilipili za kuuza nje alikuwa anatafuta wakulima wa mkataba. Sharti lake: angalau ekari 3 zilizopakana, ili mabomba ya umwagiliaji wa matone yatandikwe na pampu iwe moja. Ami alikuwa amepima kwa hatua zake mara mbili. Ekari 4 zipo. Ekari 3 pamoja hazipo. Kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa ekari moja na robo.

Nilikaa pale kwenye mkeka nikitazama shamba, na nilichokiona ni lile ombi la kiwango cha 4.

Namna keneli inavyogawa kurasa ni ya zamani. Kenneth Knowlton, aliyekuwa Bell Labs kule Marekani, aliichapisha mwaka 1965. Kanuni ni kukata kwa nusu tu. Una kipande cha kurasa 1,024, mtu anataka 200. Unakata zinakuwa 512 mbili, moja unaikata zinakuwa 256 mbili, unampa moja. Vipande viwili vilivyotoka kwenye mkato mmoja huitwa mapacha. Na uzuri wa kanuni hii hauko kwenye kukata, uko kwenye kurudisha. Mtu akirejesha kipande chake, keneli humtazama pacha. Pacha akiwa mtupu, wawili huunganishwa. Kipande hicho kipya nacho humtafuta pacha wake, na hivyo hivyo hadi juu.

Lakini pacha akiwa na mtu ndani, hamuungani. Ukurasa mmoja wenye mtu unatosha kuzizuia kurasa 1,023 zisiwe kitu kimoja.

Kwetu tumejifunza nusu ya kwanza tu ya Knowlton. Kukata tunajua: mpimaji, kibali cha bodi ya ardhi, vigingi, hati mpya. Katiba ya 2010, kifungu cha 68, inalitaka Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi, maana hata walioiandika waliona tunakoelekea. Lakini kuunganisha? Mimi sijawahi kuitwa kwenye kikao cha familia kwa ajili ya kuunganisha.

Sasa, kwa nini kurasa hazirudi pamoja zenyewe? Mtu aliyelishughulikia sana swali hili ni Mel Gorman, wa Chuo Kikuu cha Limerick, Ireland. Kazi yake ilijadiliwa na kupingwa kwa miaka kabla ya kuingizwa kwenye Linux 2.6.24, iliyotoka Januari 2008. Msingi wake ni kwamba kabla ya kuuliza nani anahitaji nafasi kiasi gani, uliza: huyu akishakaa, anaweza kuhama?

Kuna wanaohamishika. Kurasa za programu za kawaida ndizo hizi. WhatsApp yako haijui data yake iko sehemu gani halisi ya RAM. Inajua anwani ya kubuni tu, na keneli ina jedwali la kuitafsiri anwani hiyo. Keneli inaweza kuinakili data, kuiweka kwingine, kubadilisha mstari mmoja kwenye jedwali, na WhatsApp isijue kitu. Kuna wanaofutika, mfano nakala za majina ya faili zilizowekwa karibu ili kuokoa muda. Nafasi ikibana zinatupwa, zikihitajika zinatafutwa upya. Halafu kuna wasiohamishika. Hao wengi wao ni keneli yenyewe. Kumbukumbu inayojigawia kwa kazi zake huitumia kwa anwani ambayo haibadiliki. Ukiisogeza, kila aliyekuwa akiielekeza atabaki akielekeza hewa.

Kwa hiyo anayeongoza kwa kuziba njia ni mgawaji mwenyewe. Hapo nilicheka peke yangu, nikafikiria ofisi kadhaa.

Dawa ya Gorman si kumfukuza asiyehamishika. Ni kutomchanganya. Kumbukumbu hugawanywa kwa vitalu, kwenye kompyuta za kawaida kurasa 512 kila kimoja, na kila kitalu hupewa alama: hiki cha wanaohamishika, hiki cha wanaofutika, hiki cha wasiohamishika. Wasiohamishika wakikaa pamoja, kwingine kote kunabaki na matumaini ya kuungana tena. Na ikitokea kitalu chao kimejaa, wakalazimika kuingia kwa wengine, keneli hujaribu kuwapa kipande kikubwa kabisa kilichopo, hata kama walihitaji kidogo. Ukisikia mara ya kwanza unaona ni israfu. Lakini fikiria: bora uvamie kona moja nzima kuliko kuchoma vijishimo kumi katikati ya mashamba kumi.

Watu wa pwani hawahitaji Limerick kuwaeleza jambo hili. Mwaka huohuo wa 2008 UNESCO iliziweka kaya za Wamijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia, Kaya Kinondo ya hapa Diani ikiwemo. Kaya ni nini kama si mahali ambapo wazee waliweka visivyohamishika pamoja, makaburi na ibada na miti isiyokatwa, wakaacha kwingine kulimwe? Na kila aliyekulia kwenye ardhi ya mwenye hati asiyeonekana anajua sharti la zamani: lima mihogo, lima kunde, lakini usipande mnazi. Pwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mhogo ni mgeni wa msimu. Mnazi ni madai. Mwaka 2012 Linux 3.5 iliingiza mpango uliotoka kwa wahandisi wa Samsung, uliohitajika kwa vitu kama kamera za simu: eneo fulani linatengwa, na kamera isipolihitaji wengine wanaazimwa, ila kwa sharti kwamba wawe wa kuhamishika. Mhogo ruhusa, mnazi hapana. Niliposoma hilo nililirudia mara tatu.

Turudi kwenye mkeka. Kikao kilikuwa kimefika pabaya. Binamu yangu, yule wa matofali, alikuwa amesema kile ambacho kila mtu alikuwa anakizunguka. Shangazi ndiye yuko katikati. Nyumba yake ni ya udongo na makuti. Akijengewa nyingine kule barabarani, tena ya mawe, ekari 3 zinapatikana. "Si tunamfukuza," akasema. "Tunamboresha."

Shangazi hakujibu. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Huku kwetu neno kuhama lina uzito. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa kupisha mgodi wa titani, na mgodi wenyewe ulimaliza uchimbaji mwishoni mwa 2024. Watu wale walipata kwingine pa kuishi. Lakini binadamu hana jedwali. Hakuna mstari mmoja unaoubadilisha ili jirani, msikiti, kisima, njia ya shule na kaburi la mamake vifike naye upande wa pili, naye aamke asijue kitu. Ndiyo maana nasita kila mara mfano wa kompyuta unapokaribia kuingia vizuri kupita kiasi. Ukurasa unahama bila kuumia. Na kwenye familia, kama kwenye nchi, swali la nani anahamishika mara nyingi hujibiwa kwa kuangalia nani ana ukuta mwembamba. Hakuna aliyependekeza ami wa pili ahame, na nyumba yake ya mawe inaziba upande mzima wa barabara.

Ami mkubwa akanigeukia. "Wewe msomi, unaonaje?" Bado ananiita hivyo, na hafanyi mzaha.

Nikaomba kalamu. Nilichora shamba nyuma ya kalenda ya duka, nikaweka alama tatu: visivyohamishika, vinavyofutika, vinavyohamishika. Tangu Linux 2.6.35 ya mwaka 2010, keneli ina kazi inayoitwa msongamanisho. Msomaji mmoja huanza mwisho wa chini akitafuta kurasa zinazohamishika. Mwingine huanza mwisho wa juu akitafuta tupu. Huyu anachukua, yule anapokea, mpaka wakutane. Na kuna jambo moja hawalifanyi kabisa: hawamgusi asiyehamishika. Wanampita. Kazi inafanyika kwa wale wanaoweza kusogea bila kuvunjika.

Tukafanya hivyo. Nyumba ya shangazi, alama ya kwanza. Makaburi yote, alama ya kwanza. Nyumba ya ami, minazi inayozaa, miembe. Alama ya pili: mikorosho miwili mizee ambayo haijazaa miaka mingi. Alama ya tatu: zizi la mbuzi, banda la kuku, choo kisichotumika, mihogo, na matofali ya binamu. Hapo watu wakacheka, hata yeye. Tulipovisogeza kwenye karatasi, kaskazini mwa nyumba ya shangazi kukatokea ekari moja na robo tatu bila kitu. Kusini mwake, moja na robo. Jumla 3. Na shangazi katikati.

"Hazijapakana," akasema binamu.

Kama umepita barabara ya ufuoni Diani umeviona vile vidaraja vya kamba na vipago vinavyoning'inia juu ya magari. Viliwekwa na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, kwa ajili ya mbega. Mbega hula majani na hapendi kushuka chini. Msitu wa Diani ulipokatwakatwa na barabara, hoteli na ploti, miti ilibaki mingi, lakini kati ya mti na mti kukawa na lami, na mbega wakawa wanagongwa. Hakuna aliyeweza kuirudisha misitu pamoja. Wakaunganisha njia. Mbega akiwa juu ya kidaraja hajali kama miti imepakana. Anachojali ni kama anafika.

Keneli ina kidaraja chake. Programu ikitaka nafasi kubwa ya mfululizo, mara nyingi si lazima iwe ya mfululizo kweli. Keneli huchukua kurasa kutoka pembe kumi tofauti, ikaziandika kwenye jedwali kana kwamba zinafuatana, na mwombaji anazipita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kujua. Si kila mwombaji anafaa kupewa hivyo. Kuna vifaa vinavyosoma kumbukumbu moja kwa moja, bila kupitia jedwali, na hivyo lazima vipewe kitu kizima. Kwa hiyo kabla hujavunja nyumba ya mtu, muulize anayeomba: unahitaji vipakane, au unahitaji vifikike?

Nikamwuliza ami: yule mtu wa pilipili anataka ekari 3 zilizopakana za nini hasa?

"Pampu iwe moja. Maji yafike."

"Basi bomba lipite nyuma ya jiko la shangazi."

Kimya. Kisha shangazi akazungumza kwa mara ya kwanza siku ile. "Lipite. Lakini mnitolee mfereji."

Yule mtu alikuja wiki iliyofuata, akatembea kaskazini, akatembea kusini, akatazama mahali bomba litakapopita, akasema sawa. Sijui pilipili zitalipa vipi. Mikataba ya namna hii nimesikia imefaulu na nimesikia imeangusha watu. Nilichokipata mimi si uhakika wa pesa. Ni kwamba tulimaliza kikao bila mtu kuondoka na fundo, kwa sababu tuliacha kuhesabu ekari tukaanza kuangalia mpangilio.

Tulikubaliana mambo mengine mawili. Nyumba zozote mpya zitajengwa kwa mstari, upande wa barabara, hata kama fungu la mtu kwenye karatasi liko kwingine. Na kwenye zile ekari 3 hakuna kupanda mti. Pilipili, na mkataba ukiisha, mihogo na kunde. Vijana wasio na pa kulima wataazimwa kwa msimu. Sisi wenyewe sasa ndio wenye sharti la mnazi.

Hilo la mwisho linanigusa. Kwenye ile karatasi sikuwa na alama. Sina nyumba pale, sina mti, sina hata kuku. Mtu wa umri wangu, aliyeacha chuo, anayeandika kutoka chumba cha kupanga Ukunda, ni wa alama ya tatu kila mahali: mwenye nyumba anamsogeza, mteja anamsogeza, ada ilishamsogeza. Kuna uhuru ndani yake, siwezi kukataa. Pia kuna uchovu.

Watu walipokuwa wanaondoka nilimfuata ami mkubwa, nikamwuliza kama kwenye fungu la baba naweza kupanda mwembe mmoja.

Alinitazama. Alielewa nilichokuwa nauliza.

"Panda," akasema. "Lakini upande wa nyumba."